Ulinganishaji wa vali za nguvu katika amplifaya ya stereo

Ulinganishaji wa vali za nguvu ni kazi ya kupima, kuchagua na kupanga vali za elektroniki zinazoendesha spika katika amplifaya ya stereo, ili zile zinazofanya kazi pamoja zipitishe mikondo ya umeme inayokaribiana. Kazi hii hufanyika hasa wakati vali zilizochakaa zinapobadilishwa, au mwenye amplifaya anapotaka kuchanganya vali za viwanda, umri au aina tofauti.

Vali mbili zenye jina moja, zilizotoka katika kiwanda kimoja, zinaweza kupitisha mikondo tofauti zikiwekwa katika saketi ileile. Tofauti hiyo ikiwa kubwa, sauti nzito huharibika, mvumo husikika kwenye spika, na vali moja inaweza kupata joto kupita kiasi hata ikafa kabla ya wakati wake. Kanuni kuu ni kwamba ulinganifu unahitajika zaidi kati ya vali mbili zinazotumia transfoma moja kuliko kati ya upande wa kushoto na upande wa kulia wa amplifaya.

## Historia fupi

Vali ya kwanza ilibuniwa na Mwingereza John Ambrose Fleming mwaka 1904. Ilikuwa na sehemu mbili tu, kathodi na anodi, na iliweza kupitisha umeme kwa upande mmoja. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest alianza kuongeza sehemu ya tatu, na kutokana na jaribio hilo ikapatikana gridi. Kwa njia ya gridi, badiliko dogo la volteji liliweza kutawala mkondo mkubwa zaidi. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa kukuza sauti kwa umeme.

Kwa miaka mingi redio, gramafoni, sinema na simu za mbali zilitegemea vali. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, ilichukua nafasi yake polepole kwa sababu ni ndogo, haihitaji kupashwa moto na hutumia umeme kidogo. Hata hivyo vali hazikutoweka. Bado zinatengenezwa katika nchi kama Slovakia, Urusi na China, na hutumika hasa katika amplifaya za gitaa na za kusikilizia muziki nyumbani.

## Vali inavyofanya kazi

Vali ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa ndani. Katikati yake mna uzi unaopashwa moto kwa umeme. Uzi huo huipasha kathodi, nayo kathodi ikishapata moto hutoa elektroni. Elektroni huvutwa na anodi, ambayo ina volteji kubwa chanya, na mwendo huo wa elektroni ndio mkondo wa vali.

Kati ya kathodi na anodi kuna gridi ya kudhibiti, yaani waya mwembamba uliozungushwa kwa nafasi. Gridi hupewa volteji hasi, nayo huzuia sehemu ya elektroni zisipite. Ikizidi kuwa hasi, mkondo hupungua. Ikipungua uhasi, mkondo huongezeka. Volteji hasi ya kudumu inayowekwa kwenye gridi wakati hakuna sauti huitwa bayasi. Mkondo unaopita wakati huohuo, kabla muziki haujaanza, huitwa mkondo wa utulivu.

Vali za nguvu nyingi huwa pia na gridi ya skrini, na baadhi yake, kama EL34, huwa na gridi ya tatu ya kuzuia elektroni zisirudi nyuma kutoka kwenye anodi.

Anodi hupata joto kwa kadiri ya volteji yake ikizidishwa na mkondo wake. Kila aina ya vali ina kikomo cha joto hilo, nacho hutajwa kwa wati. Jedwali lifuatalo linaonyesha aina nne zinazopatikana sana katika amplifaya za stereo. Zote hupashwa moto kwa volti 6.3.

| Aina | Pini za soketi | Mkondo wa kupashia moto (ampea) | Kikomo cha anodi (wati) |
|---|---|---|---|
| EL84 | 9 | 0.76 | 12 |
| EL34 | 8 | 1.5 | 25 |
| 6L6GC | 8 | 0.9 | 30 |
| KT88 | 8 | 1.6 | 35 hadi 42, kulingana na namna ya kukadiria |

## Jozi ya kusukuma na kuvuta

Amplifaya nyingi za vali hutumia vali mbili za nguvu kwa kila chaneli, katika mpangilio wa kusukuma na kuvuta. Vali hizo mbili hufanya kazi kama wapasua mbao wawili wenye msumeno mmoja: huyu akivuta, yule hulegeza, kisha zamu hubadilika. Mkondo wa vali moja unapoongezeka, wa mwenzake hupungua.

Vali zote mbili huunganishwa na koili moja ya transfoma ya pato, kila moja kwenye ncha yake. Umeme wa kulisha vali huingia katikati ya koili hiyo. Kwa hiyo mkondo wa vali ya kwanza huzunguka kiini cha chuma kwa upande mmoja, na wa vali ya pili huzunguka kwa upande wa kinyume. Mikondo ya utulivu ikiwa sawa, usumaku wa kila mmoja hufuta wa mwenzake, na chuma hubaki huru kwa ajili ya muziki peke yake.

Mpangilio huu una faida tatu, na zote hutegemea ulinganifu wa jozi:

* Kiini cha transfoma kinaweza kuwa kidogo na kisicho na pengo la hewa, kwa kuwa hakibebi usumaku wa kudumu.
* Mvumo unaotokana na umeme usionyooka vizuri hufika kwenye ncha zote mbili za koili kwa wakati mmoja, hivyo hujifuta.
* Upotoshaji wa sauti wa aina shufwa, yaani ule unaozalisha sauti za ziada zenye masafa mara 2 au mara 4 ya sauti halisi, hujifuta pia kwa sehemu kubwa.

Jozi isipolingana, faida hizo hupungua zote kwa pamoja. Sauti nzito ndizo huathirika kwanza, kwa sababu ndizo zinazohitaji usumaku mwingi zaidi kwenye kiini. Chuma ambacho tayari kimebeba usumaku wa mkondo usio sawa hushiba mapema. Kikishashiba, hakiwezi tena kufuata wimbi la sauti, na mlio wa besi hutoka ukiwa umekatwa.

## Sababu za vali kutofautiana

Ndani ya vali nafasi kati ya gridi na kathodi ni ndogo sana. Tofauti ndogo tu katika nafasi hiyo, au katika unene wa waya wa gridi, hubadilisha kiasi cha elektroni zinazopita. Vilevile kathodi hupakwa mchanganyiko wa kemikali unaotoa elektroni, na mpako huo hauwi sawa kabisa katika kila vali.

Kutokana na hayo, vali hutofautiana kwa mambo mawili makuu. La kwanza ni mkondo wa utulivu kwa bayasi fulani. La pili ni kiasi ambacho mkondo hubadilika gridi inapobadilika kwa volti 1. Kipimo hiki cha pili huandikwa kwa miliampea kwa volti. Kwa EL34 thamani ya kawaida ni kama 11. Vali mbili zinaweza kulingana katika jambo la kwanza na kutofautiana katika la pili. Hapo mvumo na joto vitakuwa sawa wakati wa ukimya, lakini muziki ukianza upande mmoja wa wimbi utakuzwa kuliko mwingine.

Umri nao huleta tofauti. Kathodi hupungua nguvu kadiri vali inavyotumika. Vali mbili zilizoanza zikiwa sawa hazichakai kwa mwendo mmoja, hasa ikiwa moja ilikuwa ikibeba mkondo mkubwa zaidi tangu mwanzo.

## Mfano wa Dynaco Stereo 70

Dynaco Stereo 70 ni amplifaya iliyoanza kuuzwa mwaka 1959 na kampuni ya Dynaco ya Philadelphia, Marekani, iliyoanzishwa na David Hafler. Iliuzwa ikiwa tayari au ikiwa vipande ambavyo mnunuzi aliviunganisha mwenyewe kwa kulehemu. Ina wati 35 kwa kila chaneli, na hutumia vali saba: EL34 nne za nguvu, vali mbili ndogo za aina 7199 za kuzitangulia, na GZ34 moja ya kugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu.

Kila chaneli ina EL34 mbili, lakini kirekebishi cha bayasi ni kimoja tu kwa zote mbili. Mikondo ya kathodi zake hukutana na kupita katika kikinza kimoja cha omu 15.6. Mtumiaji hupima volteji kwenye kikinza hicho na kuzungusha kirekebishi hadi mita isome volti 1.56, volteji iliyo karibu na ya betri kavu mpya. Kwa kanuni ya Ohm, volti 1.56 zikigawanywa kwa omu 15.6 ni ampea 0.1, yaani miliampea 100. Kila vali hutarajiwa kuwa na nusu yake, miliampea 50.

Njia hii ni rahisi, lakini ina pengo moja: mita husoma jumla, haisomi mgawanyo. Miliampea 50 na 50 hufanya 100, na 70 na 30 hufanya 100 pia. Katika hali zote mbili mita itaonyesha volti 1.56.

Ikichukuliwa kwamba anodi ina volti 415, matokeo yake ni haya:

* Vali yenye miliampea 50 hupata joto la wati 20.75, ambalo liko chini ya kikomo cha wati 25.
* Vali yenye miliampea 70 hupata joto la wati 29, ambalo limepita kikomo.
* Vali yenye miliampea 30 hupata joto la wati 12.5 tu.
* Transfoma ya jozi ya 70 na 30 hubeba tofauti ya miliampea 40, ambazo hakuna cha kuzifuta.

Hesabu hii imerahisishwa kidogo, kwa kuwa sehemu ndogo ya mkondo wa kathodi huenda kwenye gridi ya skrini badala ya anodi. Hata hivyo inaonyesha wazi kwamba mita inayosoma sawasawa si ushahidi kwamba vali zote mbili ziko salama.

## Kupanga vali nne

Mtu mwenye vali nne ambazo hazijalinganishwa anaweza mara nyingi kupata jozi mbili nzuri kwa kuzipanga tu, bila kununua nyingine. Kwa mfano, vali nne za EL34 zimepimwa moja moja katika soketi ileile kwa bayasi ileile, zikaonyesha miliampea 44, 45, 53 na 54.

Mpangilio wa kwanza ni kuweka 44 na 54 upande wa kushoto, kisha 45 na 53 upande wa kulia. Jumla ya kila upande ni 98, na katika Stereo 70 mita itasoma karibu volti 1.53 pande zote mbili. Kwa macho ya mtumiaji amplifaya imelingana kikamilifu. Kumbe kila transfoma imepewa vali zisizolingana: ya kushoto ina tofauti ya miliampea 10, ya kulia ina tofauti ya 8, na kirekebishi cha bayasi hakiwezi kuziondoa kwa sababu huzipandisha au kuzishusha vali zote mbili kwa pamoja.

Mpangilio wa pili ni kuweka 44 na 45 upande wa kushoto, kisha 53 na 54 upande wa kulia. Sasa mita itasoma karibu volti 1.39 kushoto na 1.67 kulia. Mwanzoni hali hii inaonekana mbaya zaidi, lakini ndiyo bora. Kila chaneli ina kirekebishi chake, hivyo kushoto hupandishwa na kulia hushushwa hadi zote zisome 1.56. Baada ya hapo vali zote nne hukaribia miliampea 50, na tofauti ndani ya kila jozi hubaki kama miliampea 1.

Kwa hiyo vali zinazofanana huwekwa katika transfoma moja, na tofauti kati ya pande mbili huachiwa virekebishi vya bayasi.

## Kushoto na kulia

Watumiaji wengi huogopa kwamba vali tofauti kushoto na kulia zitafanya upande mmoja uwe na sauti kubwa. Hofu hii mara nyingi huzidi hatari yenyewe. Hata bila marekebisho yoyote, tofauti ya asilimia 10 katika ukuzaji ni chini ya desibeli 1, kiasi ambacho ni kidogo kwa sikio. Tena amplifaya nyingi za stereo hutumia mrejesho hasi, yaani hurudisha sehemu ya sauti inayotoka na kuilinganisha na inayoingia. Mrejesho huo hupunguza zaidi tofauti ya ukuzaji kati ya chaneli mbili.

Kwa hiyo jozi ya kiwanda kimoja kushoto na jozi ya kiwanda kingine kulia inaweza kufanya kazi vizuri, mradi kila jozi imelingana yenyewe na bayasi ya kila upande imerekebishwa. Anayesikiliza kwa makini anaweza kupendelea vali nne za namna moja, lakini hilo ni suala la ladha. Uzima wa chombo hautegemei jambo hilo.

Ulinganifu wa pande mbili huwa na uzito zaidi katika amplifaya zenye vali moja tu ya nguvu kwa kila chaneli, hasa zisizotumia mrejesho. Katika hizo hakuna jozi ya kulinganisha. Transfoma yake hutengenezwa ikiwa na pengo la hewa ili ibebe mkondo wa kudumu bila kushiba.

## Kuchanganya vali

### Viwanda tofauti

Jina lililochapishwa kwenye kioo halitoshi kueleza vali ilikotoka. Kwa mfano, kiwanda cha Saratov nchini Urusi hutengeneza vali zinazouzwa kwa majina mengi, yakiwemo Sovtek, Electro-Harmonix, Tung-Sol na Mullard. Majina mengine kati ya hayo yalikuwa zamani ya kampuni za Uingereza au Marekani. Vali ya Mullard iliyotengenezwa Blackburn, Uingereza, katika miaka ya 1950 si kitu kimoja na vali mpya yenye jina hilohilo.

Ndani ya jozi moja, vali za viwanda viwili zinaweza kuwekwa pamoja ikiwa vipimo vyake vyote viwili, mkondo na mabadiliko yake, vinakaribiana. Ugumu ni kwamba zilizolingana katika mkondo wa utulivu huenda zisilingane mkondo ukiwa mkubwa, na kila moja huzeeka kwa namna yake. Ndiyo sababu jozi ya kiwanda kimoja hupendelewa.

### Mpya na kuukuu

Kuweka vali mpya pamoja na iliyochakaa katika jozi moja ndio mchanganyiko wa kawaida zaidi, kwa sababu vali moja ikifa mwenye amplifaya hutaka kununua moja tu. Katika amplifaya yenye kirekebishi kimoja kwa jozi, vali mpya huenda ikabeba sehemu kubwa ya mkondo, nayo huchakaa haraka. Fedha iliyookolewa kwa kununua vali moja inaweza kupotea kwa njia hiyo. Aliye na jozi ya akiba huweka jozi nzima, kisha huhifadhi ile vali nzima iliyobaki, ikiwa imeandikwa vipimo vyake, hadi apate ya kufanana nayo.

### Aina tofauti

EL34, 6L6GC na KT88 zote huingia katika soketi ya pini 8. Kuingia huko hakumaanishi kwamba zinafaa popote. Mambo matatu hutazamwa kwanza:

* Muunganisho wa pini. Katika EL34, pini namba 1 ni ya gridi ya kuzuia, na ni lazima iunganishwe na kathodi. Katika 6L6GC pini hiyo haina kazi. Amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya 6L6GC inaweza kuwa imeiacha wazi, au hata kuitumia kama mahali pa kushikizia waya mwingine. EL34 ikiwekwa hapo haitafanya kazi inavyotakiwa na inaweza kuharibika.
* Umeme wa kupashia moto. EL34 nne zinahitaji jumla ya ampea 6, ilhali KT88 nne zinahitaji 6.4. Transfoma ya umeme isiyo na akiba hiyo itapata joto kupita kiasi.
* Bayasi. Kila aina huhitaji volteji yake ya gridi. Kirekebishi kilichowekwa kwa aina moja huenda kisifike kiwango kinachotakiwa na nyingine.

Aina mbili tofauti haziwekwi katika jozi moja ya kusukuma na kuvuta. Zikiwekwa upande huu aina moja na upande ule nyingine, chaneli hizo hazitalingana kwa nguvu wala kwa upotoshaji, na mahitaji matatu ya hapo juu bado ni lazima yatimizwe.

## Namna za kuweka bayasi

Uzito wa ulinganishaji hutegemea pia jinsi amplifaya inavyoweka bayasi yake.

Katika bayasi ya kudumu, kama ya Stereo 70, volteji hasi hutoka katika saketi maalumu na haibadiliki mkondo wa vali unapopanda. Ikiwa kila vali ina kirekebishi chake na mahali pake pa kupimia, hata vali zisizolingana zinaweza kuwekwa katika mkondo mmoja wa utulivu. Ikiwa jozi nzima ina kirekebishi kimoja, vali zinapaswa kulingana kabla ya kuwekwa.

Katika bayasi ya kathodi, kikinza huwekwa kati ya kathodi na ardhi ya saketi. Mkondo ukiongezeka, volteji ya kathodi hupanda, na gridi huwa hasi zaidi kwa kulinganisha nayo, hivyo vali hujirudi yenyewe. Kila vali ikiwa na kikinza chake, tofauti hupungua bila mtu kugusa kitu. Jozi ikishiriki kikinza kimoja, jumla ya mkondo hutulizwa lakini mgawanyo wake hautulizwi: vali yenye nguvu huendelea kuchukua zaidi na mwenzake hupewa kidogo.

## Vali zinazouzwa zikiwa zimelinganishwa

Wauzaji wengi hupima vali na kuziuza kwa jozi au kwa seti za nne, kwa bei iliyo juu kidogo ya vali za kawaida. Hakuna kiwango kimoja cha dunia nzima kinachoeleza neno "zimelinganishwa" lina maana gani. Muuzaji makini huziwasha vali kwa saa kadhaa kwanza ili zitulie, kisha huzipima kwa volteji iliyo karibu na ile ya amplifaya. Mwingine huzipima kwa volteji ndogo na kwa muda mfupi, ambapo tofauti za kazini huenda zisionekane.

Namba zilizobandikwa kwenye boksi huwa na maana zikilinganishwa na za muuzaji huyohuyo tu. Miliampea 40 za muuzaji mmoja zinaweza kuwa 36 za mwingine aliyetumia volteji tofauti. Kwa Stereo 70 na amplifaya zenye muundo kama huo, jozi mbili zilizolingana kila moja peke yake zinatosha. Si lazima kulipia seti ya nne.

## Upimaji na usalama

Ndani ya amplifaya ya vali mna volteji inayoweza kuua. Katika Stereo 70 ni zaidi ya volti 400, na kapasita zake zinaweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Kazi yoyote ya chini ya bodi inapaswa kufanywa na fundi mwenye ujuzi, baada ya kapasita kumaliziwa umeme wake. Vioo vya vali pia huunguza mkono, hivyo huachwa vipoe kabla ya kuguswa. Amplifaya haiwashwi bila spika, au kikinza cha kuiga spika, kwa sababu transfoma ya pato inaweza kuharibika.

Njia ya kudumu ya kujua mkondo wa kila vali ni fundi kuongeza kikinza cha omu 10 kati ya kila kathodi na sehemu inakoungana. Miliampea 50 zikipita hapo huleta volti 0.5, ambazo multimita ya kawaida husoma bila shida.

Katika Stereo 70 isiyobadilishwa, mkondo wa vali moja unaweza kujulikana kwa kuzima amplifaya, kungoja ipoe, kuchomoa mwenzake katika jozi, kisha kuiwasha bila muziki kwa muda wa kupima tu. Vali yenye miliampea 50 itaonyesha karibu volti 0.78. Namba huwa juu kidogo ya ile ya kazini kwa sababu mzigo wa umeme umepungua, lakini inatosha kulinganisha vali na vali. Kinachotakiwa ni kutumia soketi ileile kwa zote na kungoja muda uleule kabla ya kusoma.

Kabla ya kuweka vali ngeni, kirekebishi cha bayasi huzungushwa hadi upande unaotoa mkondo mdogo kabisa. Baada ya kuwasha, mkondo hupandishwa polepole, hupimwa tena vali zikishapata moto vizuri, na hupimwa mara nyingine baada ya saa chache za kazi.

## Dalili za jozi isiyolingana

Dalili iliyo wazi kuliko zote ni anodi ya vali moja kuwa nyekundu kama kaa la moto. Wekundu huu huonekana kwenye bamba la chuma la kijivu au jeusi, na ni tofauti na mwanga wa rangi ya machungwa wa uzi wa katikati, ambao ni wa kawaida. Amplifaya yenye dalili hii huzimwa mara moja. Dalili nyingine ni mvumo wa upande mmoja, besi dhaifu au iliyokatika, na fyuzi kuungua mara kwa mara.

Si kila dalili ya namna hiyo hutokana na vali. Kapasita inayopeleka sauti kwenye gridi ikianza kuvujisha umeme, hupunguza uhasi wa gridi, na vali nzuri kabisa hupitisha mkondo mkubwa. Njia ya kutofautisha ni kuzibadilishana vali mahali, baada ya kuzima na kungoja zipoe. Tatizo likihama pamoja na vali, kosa ni la vali. Tatizo likibaki kwenye soketi ileile, kosa ni la saketi, na vali mpya ikiwekwa hapo itaharibika kama ya kwanza.

Vali iliyoingia hewa hujulikana kwa kuiangalia tu: sehemu ya kioo iliyokuwa inang'aa kama fedha huwa nyeupe kama maziwa. Vali hiyo haifai tena na haipaswi kuwashwa.